Siku Utakayosimama

"Sema tena, Salem. Sema, mama asikie."

"Nshasema! Siku utakayosimama kuitetea hiyo tasnifu yako, popote pale, mbele ya yeyote yule, siku hiyo umeachika. Talaka yako ya tatu!"

Jikoni upawa ulimponyoka Bi Ruqaya. Alitoka mbio, mikono imejaa unga.

"Salem! Mdomo huo, mwanangu! Sema astaghfirullah!"

Salem alikuwa kasimama katikati ya ukumbi, simu ya mkewe mkononi. Ujumbe ulikuwa bado unang'aa: "Hongera Kazija. Utetezi wako ni Jumatano asubuhi. Lala vizuri, umefanya kazi kubwa. Dk. Hafiz."

"Anamwambia mke wangu alale vizuri," alisema, lakini sauti ilishaanza kumwisha. "Yeye nani?"

"Mwalimu wangu, Salem. Ana wajukuu."

Hakucheka mtu. Salem aliangalia simu, akamwangalia mkewe, akakaa chini.

Talaka ya kwanza aliitoa kwa biriani lililoungua, akamrejea mkewe kabla ya magharibi. Ya pili aliitoa Kazija alipolala kwao Matemwe akiwahoji wanawake wa mwani kwa utafiti wake wa uzamili. Marafiki barazani walimkejeli: "Salem, nyumbani unamwita mke au mwalimu?" Akarudi nyumbani na moto kifuani, akamwacha. Wiki ile ile akamrejea kwa machozi na doti mbili za kanga.

Hizo mbili zina marejeo. Ya tatu haina. Mke wa talaka tatu harudi kwa mumewe mpaka aolewe na mwanamme mwengine, akae naye, na huyo naye aondoke kwa kifo au talaka. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua.

Kesho yake baada ya alasiri simu ya Kazija ililia.

"Kazija."

"Naam."

"Nimetoka kwa Sheikh Yussuf."

"Kasema nini?"

Nyuma ya Salem muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe.

"Kasema neno limeshatoka, halirudi mdomoni. Ukisimama, limepita. Usiposimama, wewe mke wangu mpaka kufa."

"Hakuna njia nyengine?"

"Munir wa barazani ananambia yupo sheikh Jang'ombe, ati ntoe kafara ya kiapo tu yaishe. Lakini Kazija, ntalala vipi na wewe, na shaka imelala katikati yetu?"

Kazija alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Mwanawe Nassra alikuwa miguuni pake, akimlisha mwanasesere wali wa mchanga.

"Basi sisimami. Umenisikia? Rudi nyumbani, ule."

Alimwandikia mwalimu wake: "Dk. Hafiz, naomba kujitoa." Hakuutuma. Akaenda jikoni, kumwambia mkwewe kuwa hasimami.

"Vyema, mwanangu," alisema Bi Ruqaya akipepeta mchele. "Shahada ukutani haikuletei maji ukiumwa. Stahamili."

"Nastahamili, mama. Lakini mwakani akisema nikienda Matemwe nimeachika? Nikienda kumuuguza mamaangu?"

Ungo ukasita.

"Mama?"

"Babaake alikuwa hivyo hivyo," Bi Ruqaya alisema taratibu. "Ulimi tu. Moyo wake asali. Siku moja kaapa: ukikanyaga Bwejuu kwenu, umeachika. Tukacheka baadaye, tukasahau. Kisha mamaangu akafa, Bwejuu."

"Ukafanyaje?"

"Nikapika. Watu wote wakaenda msibani, mimi nikabaki hapa nikapika wali, nikaula peke yangu." Akaanza tena kupepeta. "Usiseme nimekwambia kitu. Mimi nakwambia ubaki."

Jumanne jioni Salem alirudi na halua na zabibu, uso umemng'aa kama bwana harusi.

"Nitasimama, Salem," Kazija alimwambia kabla hajavua viatu.

Halua ilibaki mkononi.

"Hunipendi tena?"

"Ningekuwa sikupendi, lingekuwa jepesi."

"Sitasema tena, wallahi! Nimekoma."

"Uliapa hivyo hivyo kwenye biriani."

"Nlikuwa na hasira! Umekwenda chuo, mimi nikaachia masomo njiani babaangu alipokufa, nikaingia dukani. Wewe unapanda, mimi ninapima vitambaa. Nliona utanipita, Kazija, na ukishanipita hutageuka."

"Mbona hukunambia hivyo? Hayo ndiyo maneno, Salem! Haya ningeyajibu."

Kazija akapunguza sauti, Nassra alikuwa kalala begani.

"Mamaako hakwenda msibani kwa mamaake. Ulijua?"

"Alikuwa mgonjwa."

"Hakuwa mgonjwa. Alizuiwa na kiapo cha babaako."

Salem aligeukia jikoni. Mlango ulikuwa wazi na mama yake yumo, lakini Bi Ruqaya hakuinua uso. Ndipo alipofahamu. Alilia bila sauti, kichwa kwenye magoti ya mkewe, na Kazija akamshika nywele zile kama aliyekuwa akizihifadhi vidoleni.

"Nani atakupeleka kesho?" Salem aliuliza hatimaye.

"Nipeleke wewe."

Asubuhi walipanda Vespa. Kabla ya kila kona Salem alikuwa na desturi ya kupeleka mkono nyuma, kumgusa goti mkewe kuona kama kakaa vizuri. Asubuhi ile aligusa hata pasipo kona.

Ukumbini jopo lilikuwa limeshakaa. Salem alikaa safu ya mwisho.

"Bi Kazija, ukiwa tayari, simama utueleze," alisema mwenyekiti. "Usitetemeke, hapa hatuli mtu."

Watu wakacheka. Kazija alimwangalia Salem. Salem akaitikia kwa kichwa.

Akasimama.

"Bismillahi Rrahmani Rrahim. Mimi ni Kazija, mtoto wa mkulima wa mwani wa Matemwe…"

Mlango wa nyuma ulifunguka, ukafungwa polepole. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Aliendelea.

"Bahari imepata joto, mwani unawafia," aliuliza mmoja wa jopo. "Kwa nini hawa mama hawauachi?"

"Wanaupenda," Kazija alijibu. "Umewasomesha watoto wao. Lakini kupenda kitu hakukizuii kufa."

Dk. Hafiz aliinua macho, akamtazama kwa muda mrefu.

Nje, Salem alikuwa amesimama kando ya Vespa. Alipomwona Kazija akitoka alipiga hatua moja, akajizuia.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Mashaallah. Hongera… Bi Kazija." Hakuwahi kumwita hivyo tangu amuoe. "Eda utakaa kwa mama, ndiyo haki yako. Mimi ntalala dukani. Nimekuitia teksi."

"Salem."

"Usinambie kitu. Ukinambia nitashindwa."

Teksi ikafuata nyuma ya Vespa. Kazija alikaa kiti cha nyuma, tasnifu mapajani, macho kwenye kile kiti kitupu cha Vespa. Simu ikaita: ujumbe wa Bi Ruqaya, "Nassra anakuuliza. Njoo, mwanangu, chakula tayari."

Walipofika kwenye kona, mkono wa Salem ulikwenda nyuma, ukatafuta goti. Ukapapasa hewa. Ukabaki hapo hapo, mpaka kona ikaisha.