Lenzi Ndefu katika Chumba Kidogo

Faustin alikuwa mpiga video wa mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Alipiga ndoa, ubatizo na vilio, yaani misiba. Kilio ndicho kilichomlisha zaidi, maana ndoa watu huiahirisha mpaka pesa itoshe, lakini mtu akifa lazima azikwe. Mwili unatolewa chumba cha maiti, unaletwa nyumbani kwa saa moja au mbili, watu wanaaga, kisha wanakwenda makaburini. Ndugu walio mbali nao wanataka kuona. Kwa hiyo hata familia isiyo na kitu itajikamua impate mpiga video.

Asubuhi, kabla ya kazi, Faustin alikuwa akifuta kamera yake juu ya meza ya chakula. Mkewe, Constance, alichagua maharagwe kwenye meza hiyo hiyo. Walizozana kila siku nani asogee.

Kamera ilikuwa ya mtumba. Ilikuja na lenzi moja fupi, ndogo kama kikombe cha chai. Lenzi ni kile kioo cha mbele ambacho kamera inaonea. Faustin alifanya nayo kazi miaka minne na hakuna aliyelalamika. Lakini hakuna aliyemsifu pia. Siku moja, kwenye ndoa kule Kampemba, mjomba wa bwana harusi aliitazama kamera ile, kisha akamtazama Faustin.

"Papa, hii kamera yako ingali inanyonya?"

Watu wakacheka. Faustin naye akacheka, lakini ilimuuma. Mpiga video mwingine, mwenye lenzi ndefu kama mkono, alipewa kiti cha mbele na chupa ya bia. Faustin alipewa maji.

Huko Lubumbashi ndivyo watu wanavyompima mpiga video. Hawaangalii kazi yake. Wanaangalia urefu wa kitu kilicho mbele ya kamera.

Baada ya miezi minne ya kuweka akiba, Faustin alikwenda mjini kwa muuza kamera za mtumba. Alimwachia ile lenzi fupi, akaongeza akiba yake yote, akarudi na lenzi ndefu. Juu yake iliandikwa 75-300. Hakuuliza namba hizo zina maana gani. Constance alimuuliza kama sasa picha zitakuwa nzuri zaidi. Alimjibu kwamba hii ni lenzi ya wakubwa. Constance akaendelea na maharagwe yake.

Wiki mbili baadaye, mzee Donat akafariki. Alikuwa mfanyakazi wa reli tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na nyumba yake ilikuwa mitaa mitatu kutoka kwa Faustin. Binti yake Abigaïl aliishi Kambove, mji mwingine. Ndiye aliyempigia Faustin simu, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Alikuwa kitandani hospitalini. Siku tatu kabla ya hapo alipasuliwa ili mtoto atoke.

"Papa Faustin, mi siwezi kuja. Docteur amekatala. Unipigie sura ya papa. Kama haiko kitu kingine, sura yake tu. Nimuone."

Faustin alimwahidi.

Siku ya kuaga, jeneza liliwekwa katikati ya sebule. Sebule yenyewe ilikuwa hatua nne kwa hatua tano. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka, migongo ukutani. Madirisha yalifunikwa kwa vitambaa, na balbu moja ilining'inia juu. Faustin akaingia, akaweka jicho kwenye kamera. Akaona mshikio wa jeneza, basi. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Sasa akaona sikio la marehemu. Mama mmoja akamwambia kwa upole kwamba amemkanyaga.

Akatoka nje. Akasimama uani, chini ya turubai, akapiga kupitia mlangoni, juu ya vichwa vya watu. Vijana waliokuwa nje wakaitazama ile lenzi. Mmoja akamletea kiti. Lazima tuseme ukweli: wakati ule Faustin alifurahi.

Kila alipovuta picha ili uso uje karibu, picha iliingia giza. Lenzi ilikuwa ikikoroma, kri, kri, ikitafuta mahali pa kushika ili picha isiwe na ukungu. Mikono yake ikitetemeka kidogo tu, picha nzima ilitikisika. Kwenye kioo kidogo cha kamera aliona kivuli cha uso, akajiambia itatosha. Kisha wanaume wakaingia, jeneza likafungwa.

Nyumbani alifungua video kwenye kompyuta. Ilikuwa nyeusi, na ndani ya weusi huo kulikuwa na chenga kama majivu yanayopeperuka. Pale mzee Donat alipopaswa kuonekana, lenzi ilikuwa imeshika bega la mwanamke aliyesimama mbele yake. Bega lilionekana vizuri, hata uzi wa mshono. Nyuma yake kulikuwa na doa jeupe.

Constance alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Lile jeupe ni nini?" aliuliza.

"Ni mzee."

Constance akarudi jikoni.

Faustin alituma video hiyo kwa sababu hakuwa na nyingine. Siku mbili hakupata jibu. Siku ya tatu Abigaïl alipiga. Hakumtukana. Aliuliza kama kuna sehemu iliyobaki. Faustin akasema hakuna.

"Basi papa haiko mule," Abigaïl alisema, akakata simu.

Kuanzia hapo Faustin aliacha kupita barabara ya nyumba ile. Alizunguka kwa nyuma, kwenye mfereji. Watu wawili walimwita kazini akasema anaumwa, na hakuwa akidanganya sana. Alikuwa akikaa mezani na kamera haifuti. Meza yote ikabaki ya Constance, naye hakuifurahia.

Constance ndiye aliyezungumza na jirani yao Mounira, ng'ambo ya ukuta wa ua, wakati wa kuanika nguo. Mounira alikuwa wa familia ya Waislamu wa Maniema. Mtaani walimwita Mama Amisi. Kazi yake ilikuwa kupiga video za ndoa za Waislamu upande wa wanawake, mahali ambapo mwanaume haruhusiwi kuingia. Wanawake huwa chumbani, wamebanana, mlango umefungwa, na umeme mara nyingi umekatika. Miaka tisa alikuwa akifanya kazi humo.

Mounira alikuja na mfuko wake wa begani. Alitazama video ya kilio mpaka mwisho. Kisha akainyanyua ile lenzi ndefu, akaipima uzito mkononi.

"Papa Fils, hii iko ya kupigia simba," alisema. Fils alikuwa mtoto wa kwanza wa Faustin. "Simba unayo wapi huku Katuba?"

"Batu banaiheshimu," Faustin alisema.

"Banaheshimu wewe, ao banaheshimu bomba?"

Mounira akamwambia ashike kamera, asimame pembeni ya sebule na amtazame Constance aliyekuwa upande wa pili. Faustin akaona hereni ya mkewe na kipande cha shavu. Mounira akaitoa lenzi ile, akaweka ya kwake, ndogo, ya plastiki, iliyoandikwa 18-55. Kamera zao zilikuwa za aina moja, kwa hiyo iliingia. Faustin akatazama tena. Akamwona Constance mzima, meza, mlango na kalenda ya parokia.

Ilikuwa sawasawa na ile aliyoibadilisha.

Mounira akamweleza taratibu, kwa sababu aliona mtu huyu ameumia. Namba hizo zinaonyesha upana. Namba ndogo inaona chumba kizima. Namba kubwa inaona kitu kimoja, cha mbali. Ndani ya nyumba zetu hakuna mbali, kwa hiyo kumi na nane ndiyo ya kuanzia. Namba kubwa pia inakuza kila mtetemo wa mkono.

Halafu akamwonyesha namba nyingine zilizoandikwa mbele, kuzunguka kioo. Hizo ni za mwanga. Kila lenzi ina tundu ndani, kama mboni ya jicho. Hapa namba ikiwa ndogo, tundu linaweza kufunguka sana na mwanga mwingi unaingia. Lenzi ndefu ya Faustin iliandikwa 4-5.6. Maana yake, ukivuta picha, tundu linazidi kubana. Ndiyo sababu giza liliingia kila alipoutafuta uso.

Kisha Mounira akatoa lenzi ya tatu, fupi kuliko zote, nyepesi kama andazi. Iliandikwa 50, na namba ya mwanga 1.8.

"Hii haivutiki. Ukitaka karibu, unatembea na miguu," alisema. "Lakini mwanga inaingiza karibu mara kumi kuliko ile yako. Na bei yake iko chini."

"Kama iko muzuri hivyo, juu ya nini iko bei kidogo?"

"Juu iko kitu rahisi. Vioo kidogo, haina kuvuta. Bei haikwambii kama inafaa kazi yako. Kazi yako njo itakwambia."

Akamwonya pia. Lenzi hiyo ikifunguliwa mpaka mwisho, mtu akisogeza kichwa kidogo tu, anapotea kwenye ukungu. Heri kuibana kidogo, mpaka 2.8, na kushika uso kwa kuzungusha pete kwa mkono. Mkono haukoromi kwenye maikrofoni. Tena 50 ni ya uso, si ya chumba. Kwa chumba, ile ya kwanza, ya 18-55.

Kesho yake walikwenda wote watatu kwa yule muuzaji. Aliichukua lenzi ndefu kwa bei ya chini kuliko aliyoiuzia, na Faustin akameza hasara. Lenzi za 18-55 zilijaa kwenye boksi, maana kila mtu anazibadilisha, kama yeye. Faustin akachukua ya juu. Mounira akaimulika kwa taa ya simu kutoka nyuma. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyembamba kama za buibui. Alisema huo ni ukungu ulioota wakati wa mvua, na haufutiki kwa kitambaa. Ya pili ilisaga mchanga walipozungusha pete. Ya tatu ilikuwa safi, na ilikuwa na swichi ya kupunguza mtetemo. Muuzaji alitaka waijaribu kwa kupiga picha moja. Mounira akakataa. Wakaiweka kwenye kamera ya Faustin mwenyewe, wakapiga video ya dakika nzima, wakavuta karibu na mbali, wakasikiliza kwa visikilizio.

Ile ya 50 nayo waliipima vivyo hivyo, wakazinunua zote mbili. Muuzaji akatoa pia lenzi ya zamani ya chuma, rahisi sana. Mounira akauliza kama ina pete ya kuiunganisha na kamera hii. Haikuwa nayo, na bila pete ni chuma tu. Wakaiacha. Pesa zilizobaki zilitosha kwa mguu wa kusimamishia kamera na taa ndogo ya betri.

Miezi ilipita, siku ya kumaliza kilio cha mzee Donat, ya kuanua matanga, ikafika. Abigaïl alikuwa amekuja kutoka Kambove. Faustin alikwenda kumwona asubuhi pale nyumbani kwa marehemu, mikono mitupu, akaomba ampige mama yake video bila malipo.

"Ulisha kupiga," Abigaïl alisema. "Tuliona."

Faustin hakujitetea. Alimwambia kwamba alinunua lenzi ile ili apewe kiti, na kiti alipewa. Alimwambia kwamba sura ya baba yake ilikuwa pale, hatua mbili mbele yake, akaiacha akatoka nje. Mjane wa mzee Donat, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ndani, ndiye aliyesema.

"Muache aingie."

Sebule ilikuwa ile ile na balbu ile ile. Faustin alirudi na kamera, akaisimamisha kwenye kona na kupiga watu wote kwa lenzi ya 18-55. Hakuna aliyemletea kiti. Hakuna aliyeitazama kamera. Kisha akaweka ile ya 50, akaigeuza taa ndogo imulike ukuta mweupe, mwanga urudi taratibu, akakaa chini hatua mbili kutoka kwa mjane. Akashika uso wake kwa kuzungusha pete.

Mjane alisimulia siku ile ya kuaga. Alisema kule chumba cha maiti walimnyoa vibaya mumewe, wakamwachia sharubu upande mmoja. Alisema mzee alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeamshwa aende zamu ya usiku relini. Wanawake wakacheka, wengine wakilia. Alisema jicho la kushoto halikufumba vizuri. "Nikalifunga na hiki kidole," alisema, akainua kidole gumba, akakishusha polepole hewani.

Watu walipotoka kwenda kula, Abigaïl akabaki na mama yake. Akaomba kuona. Faustin akampa kamera. Uso wa mama yake ulikuwa pale wote, na kila mkunjo wake, na machozi yaliyosimama bila kudondoka.

"Rudisha pale pa kidole," Abigaïl alisema.

Faustin akarudisha. Alirudisha mara tatu. Mara ya nne Abigaïl hakuomba. Alikaa tu ameishika kamera kwa mikono miwili.

"Njo vile alikuwa, mama?" aliuliza.

"Njo vile," mama yake akakubali.

Siku hizi Faustin anaitwa tena kwenye vilio. Anakwenda siku moja kabla, bila kamera, anapima chumba kwa hatua, anaitazama balbu, na baada ya hapo ndipo anapochagua lenzi. Lenzi zake ni ndogo na watu wengine bado wanazicheka. Sura ya mzee Donat haimo ndani ya kamera yoyote. Faustin analikumbuka hilo kila anapohesabu hatua.