Tishio la Nani?

Mchana, sauti ilibisha hodi, "Onè!" na Mirlande, mwenye mimba ya wiki kumi na moja, akaitikia "Respè!", yaani karibu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Ndipo akagundua kwamba sauti ilitoka uvunguni mwa kitanda.

Jioni alianza kutokwa damu.

Kwenye zahanati, nesi alimpima, akajaza fomu ya njano. "Mlango wa kizazi umefunga, dada. Wengi wa namna hii hujifungua salama. Mimba haijatoka; hili ni tishio tu."

"Tishio la nani?" aliuliza Ednise, mama mkwe.

Nesi aliigeuza fomu nyuma na mbele. Hapakuwa na nafasi ya jibu hilo.

Nyumbani, Ednise aliposikia habari ya kuitikia, alijishika kichwa. "We msichana! Lugawu, zimwi la kunyonya damu, hamnyonyi mtoto wa tumboni mpaka akaribishwe, nawe umemkaribisha kwa adabu zote! Hata ofisi ya ardhi hudai sahihi mbili!"

Kesho yake akamleta mganga, Sò Yolette, na birika la kahawa chungu iliyochemshwa pamoja na mende.

"Kunywa," mganga alisema. "Damu yako ikiwa chungu, lugawu hataiweza."

"Na mwanangu?" Mirlande alinong'ona.

"Atazoea. Huku nje ni kuchungu zaidi."

Mchana ulipofika ilipanda harufu ya chuma chenye kutu, ulimi ukasikika ukilamba chini ya godoro, na kabla Ednise hajamtaja Bikira Maria mkono usio na ngozi ulitoboa godoro, ukamkamata Mirlande kiunoni, ukambamiza ukutani, ukamwangusha sakafuni, na kitu chenyewe kikampanda kikifyonza, huku Sò Yolette akikicharanga kwa panga, begani, shingoni, mgongoni, kila jeraha likijifunga papo hapo, mpaka uchungu ulipokifika kooni, kikatapika damu hadi darini, na panga likakipasua fuvu.

"Toka!" Sò Yolette alifoka. "Kizazi hiki kina mwenyewe!"

Kikatoka na nusu ya ukuta.

Damu ya Mirlande ilikata. Alijifungua miezi miwili kabla ya wakati: msichana, kilo moja na nusu, kelele za watoto watano. Ednise alipomwosha akakuta kisiginoni makovu ya meno, duara lenye pengo moja.

"Kile kitu kilimwachia chenyewe?" Mirlande aliuliza.

Sò Yolette aliikunjua ngumi ya mtoto, kidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na jino refu, pamoja na mzizi wake.

Mtoto akalifumbata tena.