Wake Wawili wa Mzee Mudathir

Kila asubuhi Bi Mwanaheri alichoma vitumbua barazani kwake, Temeke. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, na mwezi huo alikuwa ameposwa. Aliyemposa ni Mzee Mudathir wa Goba, mtu mpole, amefiwa na wake wawili. Bibi wa watu alifurahi, lakini roho haikutulia.

Siku alipokwenda na dada yake kuiona nyumba ya mchumba, jua lilikuwa la utosini, ila chumbani kulikuwa na baridi. Nyuma ya mlango yalining'inia mabuibui mawili ya wake marehemu. Wake hao wote wawili walikonda, wakakohoa, wakafia kitanda kilekile. Upande mmoja wa godoro ulikuwa bado umebonyea. Upepo haukuwepo, lakini buibui moja lilitikisika.

"Humu mna jini," jirani mmoja alimnong'oneza Mwanaheri. "Hataki mke."

Mudathir mwenyewe aliamini hivyo. Alikuwa ameandikiwa kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji.

"Tutakunywa kabla ya ndoa," alisema. "Ataondoka tu."

Mwanaheri alirudi kwake Temeke. Akamweleza Munira, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Dua sikatazi, bibi," Munira alisema. "Ila hao marehemu walipimwa VVU?"

"Sie wazee? Hayo si ya vijana?"

"Virusi haviangalii mvi. Mtu anaweza kukaa navyo miaka haumwi. Na nyie wazee mnaacha kondomu kwa sababu mimba haipo tena. Pimeni wote wawili, kabla ya ndoa."

Mwanaheri aliona haya, lakini kufa aliogopa zaidi. Akamwambia mchumba wake. Mzee akavaa kanzu, wakaenda zahanati.

Mwanaheri hakuwa na virusi. Mudathir alikuwa navyo.

"Kumbe jini ni mie," alisema, akalia.

"Si wewe, mzee, ni ugonjwa," Munira alijibu. "Nani alianza hatujui. Kunywa dawa kila siku bila kuruka. Kipimo kikionyesha virusi havionekani tena kwenye damu, na ukaendelea na dawa, hutamwambukiza mkeo. Kwa sasa, ndoa ingoje. Na wewe bibi, rudia kupima baada ya miezi mitatu."

Wakangoja miezi minane. Kipimo cha mzee kilipoonyesha virusi havionekani tena, wakaoana.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mudathir hajakosa dawa, na Mwanaheri anapima kama alivyoelekezwa zahanati. Majirani wa Goba bado wanamchungulia, wakingoja akonde. Yeye huwafungulia mlango, akawakaribisha chai.