Fundi Bomba Afanya Mazoezi ya Ugenini

"Nimesimama hapa mpaka supu imeganda mafuta juu," alisema Mama Cherehani, jirani yetu mshonaji, "na wewe uko ndani unanichungulia dirishani. Usikatae, nimekuona."

"Sikuchungulia kwa ubaya, mama. Ulitakiwa ubonyeze kengele, halafu usubiri uitikiwe."

"Kengele. Mimi naingia nyumba hii tangu wewe unavaa kaptula iliyotoboka makalioni. Nani aliiziba ile kaptula?"

"Wewe."

"Nilibonyeza kengele?"

Sisi tuliokuwa tunaanika nguo tukacheka mpaka vibanio vikatudondoka. Fundi Bomba hakucheka. Alisimama mlangoni pake, mikono nyuma, akaeleza taratibu kama anasoma taarifa ya habari: kule anakokwenda, mtu haingii kwa mtu bila miadi. Anapiga simu kwanza. Akifika anabonyeza kengele. Asipojibiwa, anaondoka zake bila kinyongo.

"Basi ukifika huko, fanya hivyo," alisema Mama Cherehani. "Sasa hivi bado uko hapa. Pokea supu ya mama yako."

Akamtia sufuria mkononi akaenda zake, na kanga yake ikawa inasema yote ambayo mdomo ulikuwa umeyameza.

Ndugu zangu, msije mkamchukia Fundi Bomba mapema. Jambo alilotaka kufanya lilikuwa jema. Kulikuwa na mji wa mbali, ng'ambo, ulioangushwa na tetemeko, watu wake wanachota maji kwenye madimbwi. Shirika moja lilitafuta mafundi wa kujitolea wakalaze mabomba upya, na yeye akajitokeza. Mtaa mzima tulijivuna kwa ajili yake. Hata wale aliowaachia bomba linavuja walimsifu.

Nyumba ile ilikuwa ya wawili tu, yeye na mama yake. Mama yake tulimwita Bi Redio, kwa sababu habari ya mtaa ilikuwa haijawa habari mpaka ipite kwenye kiti chake. Miguu ilikuwa imemchoka na presha ilikuwa inampanda, lakini ulimi ulikuwa mzima kuliko wa msichana. Tangu asubuhi watu waliingia na kutoka. Huyu kaja kuazima pasi, yule kaja kushtaki mume. Katikati ya porojo hizo kuna aliyemuuliza kama amemeza dawa, kuna aliyemjazia ndoo, kuna aliyemwambia leo macho yako siyapendi, twende ukapimwe. Hakuna aliyeita jambo hilo ulinzi. Tuliliita kupiga soga.

Halafu ikaja semina. Mwalimu wa semina alikuwa mwanamke mtulivu aliyewahi kufanya kazi kule miaka kadhaa. Aliwafundisha wanaojiandaa kwamba watu wa kule huongea kwa sauti ya chini, hawaulizani umri wala maradhi wala mbona hujaolewa, na mlango wa mtu huheshimiwa. Wenzake walisikiliza, wakarudi makwao wakala, wakalala. Fundi Bomba alirudi na kengele.

"Tabia haivaliwi kama koti uwanja wa ndege," alituambia. "Lazima niizoee nikiwa hapa. Nikifika kule nikamuuliza mtu habari za figo zake, nitawaaibisha wote."

Kumbe hakutaka kuizoea peke yake. Mazoezi yalikuwa ya nyumba nzima. Bi Redio akafundishwa kwamba akiulizwa hali, ajibu "nzuri", basi.

"Mwanangu," alimwambia, nami nikiwa dirishani nasikia, "hiyo nzuri ni fupi mno. Nitaimaliza vipi asubuhi nzima nayo?"

Lakini aliishika. Ni mwanawe wa pekee, na alitaka afaulu. Siku moja aliniita kwa kidole kupitia dirishani, akanong'ona kama mfungwa: "Mvumilieni. Akishapanda ndege mtaingia hata na mabuti."

Tungevumilia, lakini na sisi tuna vichwa vyetu. Aliyeachwa mlangoni mara moja hakurudi mara ya pili. Wengine walisema Fundi kavimba kichwa kabla hata hajapanda ndege. Mtaa ukasusa. Kiti cha Bi Redio kikabaki kimeelekea mlango uliofungwa. Ukipita ulimsikia anajisimulia mwenyewe habari za zamani, maana mpya hakuna aliyempelekea.

Ndipo Fundi akaitwa kambini kwa mafunzo ya mwisho kabla ya safari. Asubuhi ya kuondoka, Mama Cherehani alimeza hasira zake akamfuata barabarani.

"Mama yako nani atamwangalia?"

"Ana simu, mama. Akihitaji mtu atapiga."

"Nisipite kumtazama?"

"Pita, lakini bonyeza kengele. Asipojibu ujue amepumzika. Mwache."

Sikieni sasa kilichotokea. Siku hizo za kambi, asubuhi moja, Mama Cherehani alikwenda. Akabonyeza kengele. Kimya. Akabonyeza tena. Akashika kitasa, na mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, ungesukumwa na mtoto. Akauachia. Akasema moyoni, nisije nikaambiwa sina adabu kwenye nyumba ya watu. Akarudi kwenye cherehani yake akaendelea kupinda mapazia.

Bi Redio alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na kabati, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Simu ilikuwa juu ya meza. Kengele aliisikia, mara zote mbili. Tulilijua hilo baadaye, kwa sababu kila ikitajwa mbele yake alifumba macho.

Aliyemkuta ni muuza maji, jioni. Alikuwa mgeni mtaani na hakujua masharti ya nyumba ile. Alisukuma mlango kama anavyosukuma milango yote, ndoo mkononi, akiita, "Wenyewe mpo?"

Hospitali walisema ni kiharusi. Daktari hakuzunguka sana. "Angeletwa asubuhi tungekuwa na mengi ya kujaribu," alisema. Mkono wa kulia haukurudi. Na ule ulimi, ndugu zangu, ulimi uliolisha mtaa mzima habari, haukurudi pia.

Fundi Bomba alifika wodini na begi lake la kambi begani. Alimshika mama yake mguu, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani alikuwa wa mwisho kwenda pale?"

"Mimi," alisema Mama Cherehani. "Nilibonyeza mara mbili. Ulinifundisha kuondoka. Kingine hukunifundisha."

Muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu aliinamisha uso akajishughulisha na mpira.

Mwalimu wa semina naye alikuja kumjulia hali mgonjwa. Fundi akamfuata ukumbini, akamwambia kwa uchungu, "Nilifanya kila ulichotufundisha."

"Niliwafundisha namna ya kuingia kwenye nyumba zao," alijibu yule mwanamke. "Sikuwaambia mfunge za kwenu. Na hata somo hilo hukunisubiri nilimalize. Kule nilipougua, mapazia yangu hayakufunguliwa asubuhi. Jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu, alipiga simu. Sikupokea. Akamleta mwenye nyumba na funguo. Wanatazamana sana wale watu, Fundi. Wana njia yao tu. Wewe ulichukua mlango wao, ukaacha jicho lao."

Fundi aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Ndege iliondoka na wenzake. Nafasi yake ilichukuliwa na fundi mwingine, na mabomba ya mji ule, tumesikia, yanalazwa. Yeye alibaki kumgeuza mama yake kitandani na kumlisha kwa kijiko. Bi Redio alirudishwa nyumbani, akawekwa kwenye kiti chake. Watu wameanza tena kuingia. Wanamletea habari, anasikiliza, midomo inatafuta, halafu machozi yanashuka upande mmoja. Wengine hawawezi kukaa. Wanasingizia kuwa wameacha jiko linawaka.

FUNZO

Wewe unayejiandaa kwenda kuwasaidia watu wa mbali, nenda, na jifunze desturi zao kwa adabu. Lakini desturi ya watu usiibebe nusu. Kila taifa lina njia yake ya kujua kwamba jirani hajaamka, na kabla hujaitupa ya kwenu, hakikisha umeijua ya kwao yote. Tena mwenye mzazi mgonjwa asimwachie simu akadhani amemwachia watu. Na sisi tunaobaki, mwenzetu akitukosea, tususe harusi yake tukitaka, ila tusimsuse mgonjwa wake.

Nimalizie na hili, maana mnapenda kujua. Majuzi nilikuwa kwa Mama Cherehani napimwa gauni. Tangu siku ya wodini walikuwa hawajaongea, yeye na Fundi. Mara tukamwona Fundi kizingitini, mkoba wa spana begani, shati limemlegea. Alikuwa amepata kazi ya siku na hakuwa na mtu wa kukaa na mama yake.

Mama Cherehani hakuinua uso. Alikata uzi kwa meno, akachomeka pini mbili kiunoni kwangu.

"Nani yuko naye sasa hivi?" aliuliza.

"Muuza maji. Lakini anataka kuondoka."

"Hm."

"Mama, mimi sijui hata nianzie wapi."

"Umekula?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza, tangu jana umekula?"

Akatikisa kichwa kuwa hajala. Mama Cherehani aliweka mkasi chini, akasogeza vitambaa kwenye kiti cha pili.

"Huyu akishavua gauni nitakwenda kukaa na mama yako," alisema. "Wewe ingia, ule."