Koti la Arthur Pinchbeck

Koti lilikuwa limelowa jasho kwapani, na hakuna aliyelivaa.

Doreen aliligusa tena kuhakikisha. Lilikuwa koti la wanahewa wa vita vya Hitler, ngozi ya kondoo yenye manyoya ndani na kiraka cha umbo la jani kiwikoni, ambalo mumewe Wilf alilinunua mnadani, mjini Lincoln, Uingereza. Wilf alikuwa fundi ngozi; kutengeneza makoti ya namna hiyo ndiko kulikowalisha.

"Wilf, umelivaa hili?"

"Nilivae Julai? Nina wazimu?"

Lakini mchana huohuo alilivaa, aone kama zipu inafanya kazi. Zipu ikapanda mpaka kidevuni, ikagoma kushuka. Wilf akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Doreen, nasikia baridi."

Nje jua lilikuwa kali hadi lami inanata. Ndani ya karakana kukaanza kunuka petroli na sigara, ilhali Wilf hakuwa mvutaji. Doreen akashika mkasi alikate koti. Mkasi ukateleza kana kwamba anakata jiwe. Midomo ya Wilf ikageuka buluu, meno yakagongana, na kutoka kila pembe ya chumba ukaanza mngurumo mzito wa injini, ukitetemesha sindano mezani, ukipanda, ukizidi kupanda, na katikati ya mngurumo huo mumewe, mtu aliyezeeka naye, akafungua kinywa akasema kwa sauti ya kijana asiyemjua kabisa: "Nidi yuko wapi? Nidi kaenda wapi na baridi hii?"

Doreen akakimbilia kanisani. Hakujua pengine pa kukimbilia. Ukutani zilitundikwa picha za vikosi vilivyoruka kutoka uwanja wa ndege wa jirani, vijana wenye makoti yaleyale, wamejipanga mbele ya ndege. Akazipitia moja moja, mpaka akaona kiraka kama jani kwenye kiwiko cha kijana mrefu. Kilikuwa kiraka kilekile. Chini yake: Arthur Pinchbeck.

"Huyo hakurudi," alisema Bi Mabel, mfagiaji wa kanisa. "Dada yake, Enid, yupo mji wa Louth."

"Ndiye Nidi?"

Bi Mabel akashusha ufagio. "Nani kakwambia jina hilo? Arthur peke yake ndiye alimwita hivyo."

Enid aliitwa kwa simu, akaja akiendesha mwenyewe. Alimkuta Wilf kajikunja kando ya jiko linalowaka, nyusi zimeganda barafu.

"Arthur, mdogo wangu," akanong'ona. "Mwachie mume wa watu."

"Ulikuwa unatetemeka, Nidi. Asubuhi ile, kabla sijaruka, nikakuvika koti langu. Mbona umelivua?"

Machozi yakamtoka Enid. "Nimezeeka. Nilipohama niliuza vitu, na koti likiwemo, sikujua ungenitafuta kwa koti. Sitetemeki tena. Nishike mkono, uone."

Mkono wa Wilf ukainuka taratibu, ukagusa wa Enid. Mngurumo ukakatika ghafla. Zipu ikashuka yenyewe, na Wilf akaanguka mikononi mwa mkewe, akiomba chai.

Doreen alilikunja koti, akamkabidhi Enid.

"Kaeni nalo," Enid akasema. "Hakuja kwa ajili ya koti."

Akatoka mpaka kwenye gari lake dogo. Hakuingia. Alizunguka kwanza, akafungua mlango wa abiria, akasubiri kama mtu anayemsubiri mwingine ajibane apate nafasi.

"Vuta miguu," akasema, akaufunga mlango polepole.

Gari likaondoka, limelalia upande wa abiria.