Mhakiki Aliyeitwa kwa Chafya

Karatasi ya kwanza ilitoka kwenye printa ikiwa na unyevu. Kibet aliigusa, akanusa vidole, akavipangusa kwenye suruali. Ilinuka kidonda.

Ofisi ya jarida lao la uuguzi ilikuwa mjini Herndon, Marekani, ghorofa ya pili, madirisha hayafunguki. Kibet, mwenye miaka arobaini na minne, alikuwa mhariri msaidizi, na kosa alilifanya mwezi uliotangulia, mchana kweupe, huku akila sambusa. Makala kuhusu dawa ya kupaka vidonda vya wagonjwa wanaolala kitandani muda mrefu ilihitaji mhakiki, yaani mtaalamu wa nje wa kuisoma na kusema kama ni ya kweli. Kumi na mmoja waliombwa, wote wakakataa. Bosi wake, Wayne, alitaka itoke Ijumaa. Basi Kibet akaamua kumbuni mhakiki, amfungulie barua pepe, amwandikie ripoti yeye mwenyewe. Uchafu mtupu, tena wa watu waliovaa tai.

Akawa anayataja kwa sauti majina ya marehemu wa kwao, asikie lipi linamfaa daktari. Alipofika kwa shangazi yake Jelagat, akapiga chafya.

Mkalenjin mwingine angeacha hapo hapo. Kwao mtoto mchanga hutajiwa majina ya waliokufa hadi apige chafya, na aliyetajwa wakati huo ndiye amekuja. Kibet alicheka tu, akaliandika jina. Shangazi Jelagat alikufa mgongo umeoza kwa kulala.

Kabla hajaandika neno, ripoti ya mhakiki ikaingia. Makala ilikuwa na wagonjwa arobaini, wote wakidaiwa kupona. Ripoti ilikuwa na neno moja mara arobaini: hajapona. Kibet akaifuta, akaweka yake ya sifa, makala ikatoka Ijumaa.

Tangu karatasi ile ya kwanza printa ikawa inatoa karatasi zenye maji ya njano, na harufu ile ikahamia kwenye zulia, kwenye kikombe chake cha chai, kwenye kola ya shati lililotoka kufuliwa, na kila alipoketi kusoma makala nyingine alisikia nyuma ya kiti chake bandeji ikibanduliwa polepole kwenye nyama mbichi, akigeuka hakuna mtu, akirudisha macho kwenye skrini inaanza tena.

Jioni moja alifika nyumbani kwake, mji wa Bowie, akaikuta harufu sebuleni. Mkewe, Cherono, msaidizi katika nyumba ya wazee, alikuwa ameleta kopo la dawa ile ile kutoka kazini. Alikuwa akimpaka mama yake Kibet, aliyelazwa na kiharusi chumba cha chini. Kidonda cha mama kilikuwa kimeingia kijani.

"Usimpake Mama hiyo kitu tena," Kibet alinong'ona.

"Kwani? Si ni nyinyi mliiapprove?"

"Hakuna mtu aliisoma. Reviewer nilimtengeneza mimi. Nilitaja jina la shangazi, nikapiga chafya, halafu nikampa hilo."

Cherono aliweka kopo chini taratibu. "Ambia Wayne muiondoe hiyo makala. Kule job tunapaka wazee kumi na wanane, Kibet."

Akaahidi. Lakini kuiondoa makala ni kukiri, na kukiri ni kufukuzwa, kwa hiyo hakumwambia Wayne. Alitupa kopo, akawa anamwosha mamake kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Kidonda kikakauka, printa nayo ikakauka. Akamshukuru Mungu, tena kanisani, mbele za watu. Mtu wa namna hii hunitia kichefuchefu: amemwokoa mama yake, mama za wenzake wanaendelea kupakwa.

Jumapili hiyo walikuwa mezani Cherono alipoacha kula, akanusa hewa. Alimwambia mumewe avue shati. Kibet hakuwa akisikia maumivu yoyote, lakini shati lilikuwa limegandia mgongoni, na lilipobanduka lilitoa ule mlio wa bandeji. Chini ya kiuno palikuwa na shimo la kuingia ngumi, la kijani, mfupa unaonekana.

Alikimbilia kompyuta aiondoe makala mwenyewe. Ikafunguka kwenye jedwali la wagonjwa. Chini ya yule wa arobaini palikuwa na mstari mpya:

Mgonjwa wa 41. Mwanamume, miaka 44. Amepona.