Fundi wa Kazi ya Nane

Jumatatu hiyo karatasi ilitoka na kazi nane, na Émilienne alikuwa ameingiza mashine saba tu.

Ni yeye aliyeiandikia kompyuta ya kiwanda, pale Shituru, programu ile: kila Jumatatu asubuhi ipitie orodha ya mashine, ipange kazi yenyewe, iweke jina la fundi na tarehe ya mwisho. Enzi hizo ofisi ilikuwa na watu sita. Sasa, mwaka 1994, alibaki peke yake. Wenzake walikuwa Wakasai. Walifukuzwa mjini kwa sababu ya kabila lao, wakaondoka kwa treni.

Kazi ya nane ilisema: kupaka grisi pampu ya tatu. Fundi: Benoît. Mwisho: Jumatano.

Benoît, Mkasai pia, alifia stesheni, akiingoja treni hiyo.

Émilienne alilifuta jina. Jumatano alasiri akaja Symphorien, mlinzi wa pampu, kofia mkononi.

"Mama Émilienne, ulituma nani ku pampu ya tatu?"

"Minye sikutuma muntu."

"Iko na grisi mupya. Na ufunguo, ni minye tu niko nayo." Akashusha sauti. "Mule ndani munanuka tumbako ya Benoît."

Jumatatu iliyofuata alilifuta tena, likarudi. Akaifuta programu yote, akachomoa waya wa umeme, akasimama ameushika, na mbele ya macho yake printa ikaanza kukwaruza, Benoît, Benoît, Benoît, tarehe zikisogea karibu, Ijumaa, kesho, leo, huku harufu ya tumbako ikipanda ngazi pamoja na hatua za mtu anayeburuta mguu mmoja kama Benoît, zikapita korido, zikafika mlangoni, na kiti cha mbele ya meza yake kikavutwa taratibu, kama fundi yule alivyokivuta kila asubuhi alipokuja kuchukua kazi na kupiga soga.

Symphorien alimleta pasta Théophile. Pasta aliomba mchana kutwa, shati likalowa jasho, mpaka kitu kikaguna ndani ya ukuta na harufu ikakatika.

"Alienda," pasta alinong'ona. "Usimwite tena, mama. Weye ukimwita, hatatoka."

Kukawa kimya. Symphorien akaacha zamu, akaenda kuchimba madini huko Kakanda. Wiki tatu hakuna aliyegonga mlango. Émilienne alikula bukari yake kwenye meza iliyozungukwa na meza tano tupu, na siku moja akajisikia anaziambia meza hizo bonjour.

Jumatatu ya nne alichomeka waya. Akaiandika programu upya, mstari kwa mstari. Fundi: Benoît. Kazi: kuja kuongea. Alipofika kwenye tarehe ya mwisho, akaiacha wazi.

Hatua zilipopanda ngazi, hakugeuka.

"Ingia, papa Benoît," alisema. "Niko peke yangu."

Mlango ulijifunga nyuma yake, na ufunguo ukazunguka polepole ndani ya kitasa.